TUJIFUNZE KUKATA KWANZA

Bwana Mhariri,

Naomba unipe nafasi katika gazeti letu la muhula huu ili nami nitoe mawazo yangu machache juu ya jambo ambalo limenikaa moyoni tangu siku ya mahafali ya kaka na dada zetu waliotutangulia. Jambo lenyewe ni kazi ya kuhariri picha za video. Vijana wengi wa shule yetu waipenda kazi hii, na baadhi yetu twatumaini kupata riziki kwayo baadaye. Mimi si fundi. Ni mwanafunzi tu wa Kidato cha Nne mwenye miaka 17, na makosa nitakayoyaeleza hapa mengi ni yangu mwenyewe. Walakini wahenga walisema, aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Basi mniwie radhi nikishtuka mbele yenu.

Wasomaji wote wajua kwamba shule yetu ina Klabu ya Picha. Zamani klabu ilitumia simu ya mwalimu wetu mlezi, maana sisi wanafunzi wa bweni haturuhusiwi kuwa na simu. Ndani ya simu ile mlikuwa na programu ndogo ya kuhariri. Ukigusa hapa yakata, ukigusa pale yatia muziki, na rangi na madoido yachagua yenyewe. Mwaka jana mzazi mmoja mwenye moyo wa ukarimu alituletea kompyuta aliyokuwa akiitumia kazini, na ndani yake mwalimu akaweka DaVinci Resolve, programu ile ile wanayoitumia mafundi wa senema, ambayo toleo lake la kawaida hutolewa bila malipo. Tulifurahi kama watu waliokuta mwamba wenye dhahabu.

Jumamosi ya kwanza tulikuwa wanafunzi 11 mbele ya kioo kimoja, na kila mmoja alitaka kushika kipanya. Mmoja aliuliza moto wa kulipuka uko wapi. Mwingine alitaka jina lake lizunguke hewani. Wa tatu alitaka uwanja wetu wa mpira ugeuke bahari. Hakuna hata mmoja aliyeuliza namna ya kukata. Saa mbili zikapita, kengele ya chakula ikalia, na katika muda wote ule hatukuweza kuondoa sekunde 5 za mwanzo ambazo mpiga picha wetu alikuwa amepiga viatu vyake mwenyewe. Tulitoka tukiilaumu kompyuta. Mwalimu alicheka tu, akatuambia tuje tena Jumamosi nyingine.

Bwana Mhariri, hoja yangu ni hii. Mtu anayehama kutoka programu ndogo ya simu kwenda programu kubwa ya mafundi hana budi kuanza tena kwa kazi iliyo ndogo kuliko zote, yaani kuchagua kipande, kukikata mwanzo wake na mwisho wake, na kukiweka mahali pake. Asione haya kuanza hapo. Nasema pia kwamba kazi hii iliyo ndogo ndiyo iliyo kubwa, na anayeipuuza atawadhuru watu, kama mimi nilivyomdhuru mtu.

Sisi wa Bulyanhulu tumekua kando ya dhahabu, basi na tutazame kazi za nyumbani kwetu. Mgodi mkubwa ulianza kutoa dhahabu mwaka 2001, na nje ya uzio wake wako wachimbaji wadogo wengi, ambao ni baba zetu, wajomba zetu na kaka zetu. Kijana anayefika duarani siku ya kwanza hapewi kuchoma dhahabu. Huanza kwa kubeba mawe. Hujifunza kulitazama jiwe lenye mali na kulitenga na magwangala. Baada ya hapo ndipo aendapo kwenye karasha, kisha mwaloni. Tani nzima ya mawe hutoa gramu chache tu, na asiyejua kuchambua atasaga magwangala mchana kutwa na kulipa gharama za bure.

Kazi ya kuhariri ni hiyo hiyo. Senema ya Kimarekani iitwayo Apocalypse Now, iliyotoka mwaka 1979, ilipigwa picha za zaidi ya saa 200, na watazamaji walioneshwa kama saa mbili na nusu tu. Wahariri wake, mmoja wao Bwana Walter Murch, walikaa na picha zile muda mrefu sana wakichambua. Kama mafundi wa namna hiyo huanza kwa kutazama na kuchambua, sisi wa Klabu ya Picha ni nani hata turukie madoido?

Sasa wako watakaosema, "Kukata tulikwisha kujua kwenye simu, ya nini kurudia?" Hata mimi nilisema hivyo. Lakini katika programu kubwa kukata kuna mambo yake, nami nitayataja matano ambayo yalinipa taabu.

Kwanza ni kupanga mali. Katika simu hatukujua picha zakaa wapi, na hatukuwa na haja ya kujua. Katika programu kubwa picha haziingii ndani ya kazi yako. Programu huandika habari zake tu, yaani faili fulani, lianzie hapa, liishie pale. Ni kama kadi ya maktaba, maana kadi si kitabu. Mimi nilinakili kazi yangu katika flashi, nikaipeleka kwenye kompyuta nyingine niwaoneshe wenzangu, na badala ya picha ukatokea wekundu mtupu na maneno ya kwamba picha hazionekani. Nilibeba kadi nikaacha vitabu. Basi kabla ya kukata lolote, hamisha picha zote kutoka kwenye kadi ya kamera, uziweke katika folda moja yenye jina linaloeleweka, na usilihamishe folda hilo tena. Jambo hili lina faida yake kubwa nitakayoieleza mbele, kwa kuwa ukikata kipande katika programu hujalikata faili lenyewe. Faili labaki zima, na lililokatwa laweza kurudishwa.

Pili ni kutia alama. Katika programu takriban zote za mafundi, herufi I hutia alama ya mwanzo na herufi O alama ya mwisho. Herufi L huendesha picha mbele, J huirudisha nyuma, na K huisimamisha. Aliyezoea herufi hizi tano huhariri kwa mkono mmoja, na huweza kuhama programu hii kwenda ile bila kupotea. Mimi niliziona ni za bure nikashikilia kipanya, na kazi ya saa moja ikawa ya saa nne. Faida nyingine ya kutia alama ni kwamba yakulazimisha ukisikilize kipande chote kabla ya kukichukua.

Tatu ni kufuta. Kuna kufuta kwa namna mbili. Namna ya kwanza huondoa kipande na kuacha pengo jeusi mahali pake. Namna ya pili huondoa kipande na kuvivuta vyote vilivyo nyuma yake vije kuziba. Asiyejua tofauti hii atafuta kipande kimoja dakika ya pili na kuharibu mpango wa dakika ya kumi bila kuona. Nasi tuliona muziki wa kwaya ukihama, hata midomo yao ikafunguka wakati sauti imekwisha kupita.

Nne ni sauti. Picha na sauti yake hufungwa pamoja, lakini fundi huweza kuzifungua. Sauti ya mtu yaweza kuanza kusikika huku bado twatazama mahali alipokuwa, kisha uso wake ukatokea. Au uso wake waweza kuondoka na sauti ikabaki. Jambo hili dogo ndilo linalofanya mazungumzo yasisikike kama yamekatwa kwa panga. Kulijua huchukua dakika 10, nalo hufaa kuliko milipuko yote.

Tano ni kutoa kazi. Kuhifadhi kazi na kuitoa ni mambo mawili. Ukihifadhi, umehifadhi ile kadi ya maktaba tu. Ukitaka watu watazame ni lazima uiamuru programu itengeneze faili jipya la video, na kwa kompyuta kama yetu filamu ya dakika 20 yaweza kuchukua zaidi ya saa nzima. Tena umeme hukatika bila kubisha hodi. Basi asiyehifadhi kila baada ya dakika chache, na anayengoja kutoa kazi asubuhi ya mahafali, amejitafutia aibu.

Hayo ni ya mikono. Sasa nitaeleza yale ya moyo, ambayo ndiyo yaliyonifanya niandike.

Kabla ya mahafali klabu ilipewa kazi ya kutengeneza filamu fupi juu ya mzee mmoja mpishi wa shule yetu aliyekuwa akistaafu. Nilimpiga picha kwa dakika 40, ameketi nje ya jiko. Alinieleza kwamba ujanani alikuwa mchimbaji, na kwamba mdogo wake alifia duarani lilipoporomoka. Alisema hivi: "Sikupenda kuja kupika hapa. Nilikuja kwa sababu sikuweza tena kuingia shimoni." Akanyamaza kwa muda, akataja jina la mdogo wake. Kisha akasema kwamba akiwaona wanafunzi wamekaa wanakula, moyo wake hutulia.

Mimi niliambiwa filamu isizidi dakika tatu. Tena nilikuwa nimechelewa, maana siku nyingi nilizimaliza nikitafuta maandishi ya dhahabu yanayong'aa. Usiku wa mwisho nikakata upesi upesi. Nilibakiza "Sikupenda kuja kupika hapa," nikaunga na mahali pengine alipofanya utani kwamba wanafunzi wa shule hii wanakula kama siafu. Ile kimya yake niliiondoa, nikiona ni sekunde za bure, na jina la mdogo wake likaondoka pamoja nayo. Siku ya mahafali, mbele ya wazazi wote, mzee alitokea kwenye kioo akisema hakupenda kuja hapa na kwamba sisi ni siafu. Watu wakacheka sana. Maandishi yangu ya dhahabu yalipigiwa makofi.

Jioni nilimkuta nyuma ya jiko nikamwamkia. Aliitikia, kisha akaniambia, "Mjukuu wangu, sauti ni yangu, lakini maneno yale siyo niliyokuambia." Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza.

Wasomaji wapenzi, hakuna neno hata moja katika filamu ile ambalo mzee hakulisema. Niliongeza uongo kwa mkasi tu. Baadaye mwalimu alinieleza kwamba jambo hili lajulikana tangu zamani. Yapata miaka 100 iliyopita Bwana Lev Kuleshov wa Urusi alichukua picha ya uso wa mtu mmoja, isiyobadilika, akaiunga na picha ya sahani ya supu, kisha na ya jeneza, kisha na ya mwanamke. Watazamaji walisema mtu yule anaona njaa, kisha anaona huzuni, kisha anaona mapenzi, na uso ulikuwa ule ule. Basi mwenye kukata ndiye mwenye kusema. Kama ni hivyo, kujifunza kukata ni kujifunza kusema kweli, na programu haitafundisha jambo hilo hata ikiwa ya bei kubwa namna gani.

Ile faida niliyoahidi kuieleza ni hii. Kwa kuwa picha zote za dakika 40 zilikuwa bado zima katika folda lake, niliweza kurudi. Likizo ilipokwisha nilianza upya, mara hii kwa kusikiliza yote kwanza na kuandika katika daftari. Niliacha kimya yake ikae. Ilikuwa sekunde 9. Nikaacha na jina. Filamu ikawa dakika nne na nusu, haina dhahabu wala muziki. Mwalimu aliniruhusu nimpelekee mzee nyumbani kwake, tukaitazama pamoja na mkewe. Alipokwisha alisema, "Hapo sawa." Lakini wale waliocheka siku ya mahafali hawakuwapo.

Napenda pia kuwakumbusha wenzangu kwamba kazi hii ina historia katika nchi zetu. Mwaka 1935 hadi 1937, pale Vugiri katika milima ya Usambara, Waingereza walitengeneza filamu kama 35 za kuwaelimisha Waafrika, zikazungushwa kwa lori katika nchi za Afrika Mashariki na Kati. Baadaye Bwana William Sellers, aliyeongoza Idara ya Senema za Makoloni iliyoundwa London mwaka 1939, alifundisha kwamba filamu za Waafrika ziende polepole sana, zisikatwe kwa ufundi, ati kwa kuwa mtazamaji wa Kiafrika hawezi kufuata picha zikirukaruka. Babu zetu hawakuulizwa.

Leo twajua walikosea. Huko Wakaliga, mtaa wa Kampala, Bwana Isaac Nabwana alijiundia kompyuta kutoka vipuri vya kuokoteza, akajifundisha mwenyewe kuhariri, na filamu yake ya mwaka 2010, Who Killed Captain Alex?, imetazamwa na watu wa mataifa mengi. Picha zake zaruka kwa mbio kuliko hata za Wamarekani, na watazamaji wa mtaani kwake hawapotei. Lakini Bwana Nabwana huyo huyo alilazimika kufuta picha za filamu ile ili apate nafasi ya filamu nyingine katika diski yake. Katika mkoa wetu wenyewe wa Shinyanga alizaliwa marehemu Steven Kanumba, mwigizaji aliyejulikana Afrika Mashariki nzima kabla ya kufariki mwaka 2012. Basi asituambie mtu kwamba senema si ya watu wa huku. Na sisi tusijidharau kwa kudhani kazi yetu ni kubonyeza tu vitufe vya madoido vilivyotengenezwa na wengine.

Nawajibu sasa waalimu na wazazi wetu, maana najua neno lao. Watasema mtihani wa taifa ni Novemba, na mtoto wa Kidato cha Nne anapoteza wakati kwenye kompyuta. Ni kweli kwamba mtihani ndio kwanza, nami sitetei anayetoroka maandalio ya usiku. Lakini tazameni hesabu. Si sisi sote tutakaokwenda Kidato cha Tano. Kila Jumamosi Kakola kuna harusi, kuna kipaimara, kuna ngoma za kumwaga bibi harusi, na kila mwenye shughuli hulipa mpiga video. Kijana ajuaye kukata vizuri aweza kupata ada ya chuo au mtaji wa kuanzia bila kushuka shimoni. Tena mwenye kuzoea kusikiliza maneno ya mtu kwa dakika 40 na kutoa dakika nne bila kubadili maana, huyo amefanya zoezi la ufupisho kama tunavyolifanya katika somo la Kiswahili. Sioni hasara yake.

Kwa hiyo naleta maombi manne. La kwanza, klabu iweke sheria kwamba mwanachama mpya atumie Jumamosi nne za kwanza kwa kukata tu, bila muziki, bila madoido, bila maandishi ila jina. La pili, kila anayehojiwa aoneshwe filamu yake kabla ya watu wengine, hata kama ni mpishi, mlinzi au mama muuza maandazi, na akisema maneno hayakukaa sawa, yakatwe upya. La tatu, wazazi wenye uwezo watusaidie kununua diski moja ya nje, ili picha za asili zisifutwe kila muhula, maana yaliyofutwa hayana marudio ya kusaga tena. La nne, wanafunzi wa Kidato cha Pili waanze kufundishwa sasa, kwa sababu sisi twaondoka, na ujuzi wetu mdogo utaondoka nasi.

Bwana Mhariri, nimesema mengi. Yupo ambaye ataona sijatenda haki kuwanyima wadogo zangu milipuko yao. Sijawanyima. Wakijua kukata, milipuko watajifunza alasiri moja. Aliyeanza na milipuko ndiye asiyerudi nyuma kujifunza kukata, mpaka siku atakapoambiwa na mtu mzima kwamba sauti ni yake lakini maneno siyo.

Kama wako wenye mawazo mengine nawaomba wayalete katika gazeti la muhula ujao, hata kama mimi sitakuwapo kuyajibu.

Wasalaam,

Mwanafunzi wa Kidato cha Nne,
Klabu ya Picha, Bulyanhulu.